Ndege za ndani ya Ulaya: nani hasa anatakiwa kukagua kitambulisho chako?

#1 MtotoWaPangani

Wakuu, salaam kwenu. Naandika nikiwa sebuleni kwa watu hapa Barcelona, siku ya pili sasa, na kazini Hamburg nimeshapiga simu ya kuomba radhi mara mbili.

Kisa chenyewe ni hiki. Alhamisi nilitoka Hamburg kuja kwenye harusi ya mtoto wa mama mdogo. Begi moja la mgongoni, hakuna mzigo wa kukabidhi. Safari nilijisajili kwa simu usiku nikiwa kitandani. Uwanjani nikapita kwenye ukaguzi wa mabegi, wakaninyang'anya chupa ya pilipili ya kusaga ya mama (hilo tutaliongea siku nyingine), nikafika getini, nikalaza simu juu ya kile kioo, taa ikawaka kijani, nikapita. Kuanzia mlangoni kwangu hadi kiti cha 23F, mtu pekee aliyeniangalia usoni ni muuza kahawa.

Jumapili narudi. Mashine ya aina ile ile, simu ile ile, taa ya kijani ile ile. Dada aliyesimama pembeni akanyoosha mkono: pasipoti. Nikampa kadi ya ukaazi ya Ujerumani, ile ya plastiki, ina picha, ina chipu, bado ina miaka miwili. Akaigeuza mbele na nyuma, akasema hii si hati ya kusafiria. Pasipoti yangu imelala kabatini Hamburg, kwenye bahasha ya kaki pamoja na cheti cha ndoa. Nikamwonyesha picha yake kwenye simu, akatikisa kichwa. Nikamwambia dada, hii ni Schengen, zile nchi za Ulaya zilizoacha kukaguana mipakani, hakuna mpaka hapa. Akanijibu kwamba sheria ya Schengen ndiyo inayodai pasipoti.

Mbele yangu ilikuwepo familia ya Kijerumani, walitoa vikadi vyao vya kitambulisho, sawa. Lakini nyuma yangu jamaa mmoja alipita na simu tu, sikuona akitoa kitu. Mlango ukafungwa. Nikabaki kioo kwa kioo na ndege inasukumwa kinyumenyume.

Sasa naomba wanaojua wanisaidie. Huyu dada alikuwa na haki? Na kama alikuwa na haki, yule wa Hamburg aliyeniacha nipite bila kuniuliza alikuwa na kosa? Mke wangu ameshaituma pasipoti kwa kampuni ya vifurushi, naisubiri kama mgeni wa Idi.

#2 Nyundo_ya_Kijiji

Pole mkuu. Ila mimi iliyoniuma ni ile pilipili.

#3 KijanaWaMizigo

Mleta mada pole sana. Nimesimama kwenye mageti ya uwanja mmoja mkubwa huku kaskazini kwa miaka 6, ngoja nikupe picha ya upande wa pili wa kaunta.

Kwanza, yule dada karibu hakika si mwajiriwa wa shirika lako la ndege. Wengi wetu tumeajiriwa na kampuni za kuhudumia ndege. Saa nne asubuhi nimevaa skafu ya shirika A, saa sita ya shirika B, na kila shirika lina kitabu chake. A anasema: linganisha jina la boding pasi na kitambulisho, kila abiria, bila kuruka mtu. B anasema: skani, wasalimie, ndege iondoke kwa wakati. Kuna shirika linasema angalia wale tu ambao skrini imewapiga alama. Ukijisajili kwa simu unajaza uraia wako, si ndiyo? Kuna mifumo ambayo ukijaza uraia wa nje ya Umoja wa Ulaya, kwetu inatokea alama ya kuomba hati hata kama mashine imewaka kijani. Huenda jamaa wa nyuma yako hakuwa na alama. Au dada alichoka. Nakwambia ukweli, dakika kumi za mwisho, foleni ikiwa na watu 40, hata mimi nilikuwa naangalia kava la pasipoti badala ya picha.

Pili, watu wanadhani ule ni ukaguzi wa usalama. Hapana. Angalau huku kwetu, usalama umeshaisha kule walikokunyang'anya pilipili. Getini tunachohesabu ni vichwa na mizigo: begi likiwa tumboni mwa ndege na mwenyewe hakupanda, tunalifukua, hata ndege ichelewe. Jina lako tunaliangalia kwa sababu ya tiketi. Tuseme umenunua tiketi ya euro 19 miezi mitatu kabla. Wiki ya safari inauzwa euro 150. Kama hakuna anayeangalia jina, wewe utamuuzia jirani yako kwa 80 na nyote mtafurahi, isipokuwa shirika. Ndiyo maana ada ya kubadili jina wakati mwingine inazidi bei ya tiketi yenyewe.

#4 Hoja_Nzito

Kumbe tunapigwa foleni kulinda biashara ya mtu. Asante mkuu, hii sikuwahi kuisikia.

#5 Bin_Seif

Assalaam alaykum. KijanaWaMizigo kamaliza upande wa biashara, mimi nitaje upande wa sheria kidogo maana nimeusoma.

Bwana Pangani, dada yule alikuwa na haki ya kukuzuia, lakini sababu aliyokupa siyo. Nitakufafanulia.

Mkataba wa Schengen ulitiwa saini Juni 14, 1985 ndani ya meli, Princesse Marie-Astrid, ikiwa mtoni Moselle pale kijiji cha Schengen, Luxembourg. Nchi zilikuwa 5 tu. Ukaguzi wenyewe uliondolewa Machi 26, 1995, na leo nchi ni 29. Bulgaria na Romania ndio wageni wa mwisho, viwanja vyao vya ndege viliingia Machi 31, 2024 na mipaka ya nchi kavu Januari 1, 2025. Kanuni yao ya mipaka, Ibara ya 22, inasema mpaka wa ndani unavukwa mahali popote bila ukaguzi wa mpakani, uraia wowote ulio nao. Uraia wowote, maana yake na Mtanzania yumo.

Kisha inakuja Ibara ya 23 inasema: hiyo haimzuii polisi kufanya kazi yake ya polisi, haizuii ukaguzi wa usalama viwanjani hata ukifanywa na mashirika ya ndege, mradi na abiria wa safari za ndani ya nchi wanafanyiwa vile vile, wala haizuii nchi kuwataka watu watembee na hati zao. Basi shirika linalokagua jina kwenye ndege ya Barcelona kwenda Madrid na ya Barcelona kwenda Hamburg sawasawa halijavunja kitu. Ni masharti ya tiketi, yale ambayo sote tunaweka alama ya kukubali bila kusoma.

Lakini wewe una jambo jingine linalokuhusu. Mkataba wa utekelezaji wa 1990, Ibara ya 21: mgeni mwenye kibali cha ukaazi cha nchi moja anaweza kutembea katika nyingine hadi siku 90 ndani ya kila siku 180, akiwa na kibali hicho NA hati halali ya kusafiria. Limeandikwa "na". Kadi yako inasema unaishi wapi, pasipoti inasema wewe ni nani na nchi gani itakupokea. Raia wao anatembea na kikadi kwa sababu kikadi chake kinafanya kazi zote mbili. Kwa hiyo hata pale Hamburg ulipopita bila kuulizwa, ulikuwa umeshakosea, ila hakuna aliyekuona.

Kuna kitu kimoja wengi hawakijui na mimi hunifurahisha. Ujerumani iliwahi kuzilazimisha kampuni za mabasi kukagua pasipoti na vibali vya abiria wa kutoka Uholanzi na Ubelgiji kabla hawajapanda, wasipofanya watozwe faini. Kampuni zikaenda mahakamani. Desemba 13, 2018 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikasema hapana: kumkagua kila abiria kwa amri ya serikali ili tu kuvuka mpaka wa ndani ni ukaguzi wa mpakani uliovaa koti la dereva. (Koti ni langu, mahakama haisemi hivyo.)

#6 MtotoWaPangani

Bin_Seif, shukrani sana, ingawa umenikaanga. Kwa hiyo dada angesema "masharti ya shirika letu" ningekuwa sina la kujibu?

#7 Bin_Seif

Ungekuwa huna. Na ungelala pale pale ulipolala.

#8 MwanaKivu

Bandugu, miye niko Liège, Ubelgiji, miaka kumi na moja. Mnaongea geti, miye niongee mlango wa ndege.

Natembea na kile kitabu cha bluu cha mkimbizi, cha Mkataba wa Genève, chenye mistari miwili myeusi ya mshazari pembeni juu kushoto. Getini mara nyingi hawakijui. Wanakishika kama wameokota samaki. Wanatafuta ukurasa wa uraia, wanaita mkubwa, mkubwa anapiga simu. Hiyo nimeizoea, natoka nyumbani saa moja mapema.

Ninayoshindwa kuizoea ni hii nyingine. Ndege inatua, inatoka nchi ya Schengen kuja nchi ya Schengen, na kwenye lile daraja wamesimama polisi wawili. Watu mia na themanini tunatoka. Wazungu wanapita na masanduku yao, gurr gurr gurr. Miye: "Bwana, hati zako tafadhali." Mwarabu nyuma yangu: hati zako tafadhali. Dada mmoja wa Kisomali na mtoto mgongoni: hati zako. Tumesimama watatu pembeni ukutani, na ndege nzima inatupita inatuangalia. Wanataka kujua tumefanya nini.

Kuna mtu anaitwa Mpanzu Bamenga, mzaliwa wa Kongo, alikuwa diwani wa Eindhoven, Uholanzi. Mwaka 2018 alishuka kwenye ndege ya kutoka Roma pale Eindhoven, askari wa Marechaussee, polisi wa kijeshi wanaolinda mipaka kule, wakamchomoa kwenye foleni pamoja na watu wengine wasio weupe. Alipouliza kwa nini, maelezo yaliyokuja kutoka yalikuwa ni ya mwanaume aliyevaa vizuri, anayetembea haraka, asiyefanana na Mholanzi. Sasa fikiria, diwani atembee vipi? Yeye na mashirika ya haki za binadamu wakafungua kesi. Mwaka 2021 wakashindwa. Wakakata rufaa, na Februari 14, 2023 mahakama ya rufaa ya The Hague ikasema Marechaussee hawaruhusiwi kutumia rangi au asili ya mtu kumchagua kwenye ukaguzi ule. Mwaka huo huo akachaguliwa mbunge.

#9 KikoChaBabu

Mimi naona tunalalamika sana. Nchi ni yao. Kama huna cha kuficha toa pasipoti, dakika moja, unaendelea na safari. Kwetu mbona ukipanda basi la Tunduma polisi wanaingia na kuuliza vitambulisho na hatufungui uzi?

#10 MwanaKivu

Ndugu, dakika moja ni yako wewe unayeulizwa mara moja. Miye nimeandika kwenye daftari: safari kumi na nne, nimesimamishwa tisa. Mke wangu Mbelgiji tuko naye bega kwa bega, yeye hata mara moja. Siku moja alijitolea mwenyewe kutoa kitambulisho chake, askari akamwambia, "Hapana mama, si wewe."

#11 KikoChaBabu

Hapo kwa mke nimekuelewa. Narudi nyuma hatua moja.

#12 Bin_Seif

Na kisheria polisi hana ruhusa ya kukagua kila ndege kila siku kama vile mpaka ungalipo. Mahakama ya Ulaya ililisema hilo katika kesi ya Ufaransa mwaka 2010, ya Melki na Abdeli: polisi anaweza kukagua watu karibu na mpaka wa ndani, lakini lazima sheria imwekee kiasi na mipaka, isije ikawa ni ukaguzi wa mpakani kwa jina jingine. Serikali ikitaka kurudisha mpaka kweli, inatangaza rasmi kwa muda. Ufaransa imekuwa ikitangaza na kuongeza tangu Novemba 2015, Ujerumani kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu tangu Septemba 16, 2024. Huo "muda" wao umekuwa kama deni la dukani, kila mwisho wa mwezi unaambiwa mwezi ujao.

#13 Nyali_Bibi

Hamjambo nyote. Niko Cork, muuguzi. Jameni, msisahau Ireland si Schengen! Kuna binti wa kwetu Kisauni alifika hapa kazini, akapata kadi yake ya ukaazi ya Ireland, akakata tiketi ya kwenda Roma likizo akijua "si ni Ulaya tu". Kadi ya huku haikupeleki Roma hata nusu ya njia, wataka viza ya Schengen kamili. Akarudishwa kaunta Dublin, machozi, na hoteli alishalipia. Hapo shirika halikuwa na mchezo, maana likimpeleka mtu asiye na viza kutoka nje ya Schengen latozwa faini, sheria yao ya 2001 yaanzia euro 3,000 kwa kichwa. Ile ya Hamburg na Barcelona haina faini hiyo. Ndiyo maana huku kwetu hawakuachi upite na simu peke yake, ng'o.

Cyprus nayo ni vile vile: imo Umoja wa Ulaya, Schengen haimo.

#14 KijanaWaMizigo

Nyali_Bibi umegusa kitu. Njia nyepesi ya kujua uko upande gani ni kuutazama uwanja wenyewe. Frankfurt kuna jengo moja refu lina orofa mbili za mageti: chini ni A, ndege za Schengen, juu ni Z, ndege za nje. Ndege ile ile inaweza kuegeshwa pale pale, abiria wakapitishwa ngazi ya chini au ya juu kulingana na inakokwenda. Kati ya orofa hizo ndipo mpaka wa Ujerumani ulipo, kwenye vibanda vya vioo.

Ndiyo maana mtu akitoka Dar na kupitia Amsterdam kwenda Stockholm anakaguliwa pasipoti Schiphol, uwanja wa Amsterdam, na akifika Stockholm anatoka nje kama ametoka Mwanza. Wapo wanaobaki Stockholm wakizungukazunguka kutafuta dirisha la uhamiaji. Tangu Oktoba 12, 2025 kule kwenye mpaka wa nje wameanza mfumo wa alama za vidole na picha ya uso badala ya muhuri kwa wageni wa muda mfupi. Wenye vibali vya ukaazi hatumo.

#15 Mama_Pacha

Naomba nichomekee swali langu, samahani mleta mada. Pasipoti yangu ina majina matatu, langu, la baba na la babu. Tiketi kijana wangu amenikatia kaandika langu na la babu tu. Boding pasi imetoka jina langu limeunganishwa na MRS bila nafasi, yaani limekuwa jina la mtu mwingine kabisa. Na kadi ya ukaazi ya huku wameandika la baba na la babu yote kama ukoo. Nasafiri Ijumaa. Nitapita?

#16 KijanaWaMizigo

Shikamoo mama. Hiyo MRS usiihofu, ni mifumo ya zamani ya tiketi, inagandisha cheo kwenye jina la kwanza. Kila siku tunaona akina JUMAMR na AISHAMRS, hakuna anayeshangaa. Kukosekana kwa jina la kati kwenye ndege za huku ndani kwa kawaida nako hakuna shida, tunaangalia la kwanza na la mwisho. Ila hakikisha jina la mwisho kwenye tiketi ndilo la mwisho kwenye pasipoti, siyo kwenye kadi. Kama sivyo wapigie leo, kabla hujajisajili safari. Ukishatoa boding pasi, kurekebisha ni pesa na maneno mengi.

#17 Mama_Pacha

Marahaba mwanangu. Ni lile lile la pasipoti. Nimepumua.

#18 Kaka_Leipzig

Na sisi ambao kadi imekwisha na tumepewa karatasi ya muda ya Ujerumani, ile inayokunjwa mara tatu? Nina safari ya Vienna.

#19 Bin_Seif

Ifungue uangalie kisanduku kilichowekwa alama. Kikiwa cha kifungu cha 81 aya ya 4 cha sheria ya ukaazi ya Ujerumani, yaani kibali chako cha zamani kinahesabika kinaendelea, unasafiri, ukiwa na pasipoti na ile kadi iliyokwisha. Usiitupe hiyo kadi! Kikiwa cha aya ya 3, kaa nyumbani, ukitoka hiyo karatasi haikurudishi. Na hata ukiwa na ya aya ya 4, mtu wa geti Vienna hatajua ni kitu gani. Chapisha maelezo uende nayo, na fika mapema ili kama ni kubishana mbishane kukiwa na nafasi. Mwenye Duldung, ile karatasi ya kusitishiwa kufukuzwa nchini kwa muda, asijaribu kabisa.

#20 Hoja_Nzito

Nilisoma mahali kuwa Italia wameacha kuangalia vitambulisho getini. Ni kweli au ni habari za vijiweni?

#21 KijanaWaMizigo

Mamlaka yao ya anga, ENAC, ilitangaza hivyo Julai 2025, kwa safari za ndani ya Italia na za Schengen: boding pasi inatosha getini. Lakini kutoulizwa si kutobeba. Hati unatakiwa uwe nayo mfukoni, na ndege ya kurudi inaweza kuwa ya nchi ambayo haijaacha. Halafu fika hotelini uone: ule Mkataba wa utekelezaji wa 1990 alioutaja Bin_Seif unawataka wenye nyumba za wageni wawaandikishe wageni wa kigeni kwa hati. Mara ngapi nimevuka nchi tatu sijaulizwa, nikaulizwa na kijana wa mapokezi.

#22 MtotoWaPangani

Wakuu, nimefika Hamburg usiku wa jana. Kifurushi kilikuja saa nane mchana, mke wangu kaifunga pasipoti ndani ya kitambaa cha jikoni na gundi ya karatasi mizunguko kama ishirini, nimeifungua kwa kisu cha mkate.

Getini nikamkuta yule yule dada, yuko zamu. Nikasema leo ataomba hadi cheti cha ubatizo. Nikalaza simu, taa ya kijani. Hakunyoosha mkono. Akaniangalia, akauliza, "Leo umekuja nayo?" Nikaitoa. Hakuifungua, alicheka tu akanionyesha njia.

Hamburg mlangoni walikuwepo polisi wawili. MwanaKivu, nimekukumbuka. Tulisimamishwa wawili, mimi na mzee mmoja wa Kihindi. Yangu walifungua kila ukurasa.

#23 MwanaKivu

Andika tarehe. Nunua daftari.

#24 Nyundo_ya_Kijiji

Na pilipili je?

#25 MtotoWaPangani

Mama anatuma nyingine. Nimemwambia iende kwenye begi la kukabidhi, ameniuliza kwani huko ndani ya ndege watu wanakula nini.